Nani Gaidi? Mpelelezi, Adui na Sheria katika Riwaya ya Kijasusi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Riwaya ya kijasusi ni miongoni mwa tanzu za fasihi ya Kiswahili zilizosomwa sana na kuhakikiwa kidogo. Kwa muda mrefu wahakiki wa vyuo vikuu wameiweka katika kapu moja na riwaya za mapenzi na za uhalifu, kisha wakalibandika kapu hilo jina la fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni kasoro inayouondolea utanzu haki ya kuchunguzwa. Matokeo yake ni kwamba maandishi yaliyopita katika mikono mingi zaidi jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 ndiyo tunayoyafahamu kwa uchache zaidi kama wasomi.

Makala hii inachunguza swali moja tu kuhusu utanzu huo, nalo ni namna unavyomjenga adui anayeitwa gaidi. Mifano mikuu itatokana na riwaya za Aristablus Elvis Musiba zinazomhusu mpelelezi Willy Gamba, hususan Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Pale inapobidi tutazigusa pia kazi za Ben Mtobwa zenye mhusika Joram Kiango. Hoja yetu ni kwamba riwaya hizi zilitoa jibu la haki kwa swali la wakati wake, yaani nani hasa alikuwa gaidi katika vita vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Hata hivyo, njia zilizoitumia kulitoa jibu hilo, hasa ile ya kumweka mpelelezi juu ya mahakama, inahitaji kusomwa kwa tahadhari na msomaji wa leo.

2.0 Neno na Pande Zake

Kabla ya kuziingia riwaya zenyewe, yafaa tuyatazame maneno. Katika matumizi ya zamani, neno gaidi lilimhusu zaidi mnyang'anyi mwenye silaha, mtu wa kuvizia njiani. Maana ya kisiasa iliongezwa baadaye, na aghalabu iliongezwa na mwenye dola. Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwaita magaidi wapiganaji wa Mau Mau. Utawala wa makaburu ulikipiga marufuku chama cha ANC mwaka 1960, na kwa miongo mitatu iliyofuata uliwaita viongozi wake kwa jina hilohilo. Hata Marekani haikuliondoa jina la Nelson Mandela katika orodha yake ya watu waliohusishwa na ugaidi hadi mwaka 2008, miaka 14 baada ya yeye kuchaguliwa kuwa rais wa nchi yake.

Kiswahili cha Dar es Salaam kilikuwa na jibu lake. Mtu yuleyule ambaye Pretoria ilimwita gaidi, huku aliitwa mpigania uhuru. Tofauti ya aina hiyo inajitokeza pia katika jozi nyingine za maneno. Anayefanya kazi ya siri kwa niaba yetu ni mpelelezi au kachero, na anayefanya kazi ileile kwa niaba ya adui ni jasusi. Wetu huunda kikosi, wao huunda genge. Wetu hutumwa, wao hupenyezwa. Mwandishi wa riwaya ya kijasusi huikuta misamiati hii miwili ikiwa tayari imegawanyika kabla hajaandika sentensi ya kwanza, na sehemu kubwa ya kazi ya kumfundisha msomaji nani wa kumwamini hutendwa na lugha yenyewe.

Katika riwaya za Musiba, uchaguzi huu wa maneno una uzito wa kisiasa. Kwa kumwita mpigania uhuru kwa jina lake, na kuliita shambulio la utawala wa makaburu kuwa ni uhalifu, mwandishi anaupindua msamiati uliokuwa ukitangazwa duniani na vyombo vya habari vyenye nguvu kuliko vyetu. Msomaji aliyemaliza darasa la saba, bila kusoma makala hata moja ya nadharia, anatoka katika riwaya akijua kwamba dola pia inaweza kuwa gaidi.

3.0 Dar es Salaam kama Mandhari ya Vita vya Siri

Wapo waliozikosoa riwaya hizi kwa kudai kwamba ni nakala za James Bond zilizovishwa kanzu. Ni kweli kwamba Willy Gamba anafanana na mhusika huyo wa Ian Fleming katika mambo ya nje: mavazi, vinywaji, magari ya kasi, wanawake wazuri na mkuu wa kazi anayemwita ofisini kwa dharura. Lakini ukosoaji huo unasahau jambo la msingi. Msomaji wa London aliyesoma vitimbi vya Bond alikuwa akisoma njozi za dola iliyokuwa ikipoteza makoloni yake. Msomaji wa Dar es Salaam aliyesoma Kufa na Kupona alikuwa akisoma habari zinazoweza kutokea mtaa wa pili.

Tangu mwaka 1963 hadi 1994 jiji hili lilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. FRELIMO iliundwa hapa mwezi Juni 1962. ANC, PAC, SWAPO, MPLA, ZANU na ZAPU zote zilikuwa na ofisi au wawakilishi jijini. Silaha na misaada ilipita bandarini kuelekea kambi za mafunzo. Mahali palipo na mambo hayo hapakosi masikio ya adui.

Aidha, vifo vilikuwa vya kweli. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa Oysterbay na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Amílcar Cabral aliuawa Conakry mwezi Januari 1973. Herbert Chitepo aliuawa Lusaka kwa bomu la garini mwezi Machi 1975. Ruth First aliuawa Maputo kwa bomu la kifurushi mwezi Agosti 1982. Makomando wa makaburu walishambulia Matola mwezi Januari 1981, Maseru mwezi Desemba 1982 na Gaborone mwezi Juni 1985. Kikosi cha Kisasi, ambamo Willy Gamba anapelekwa Kinshasa kwa sababu ya mauaji yanayowalenga wapigania uhuru, ilitoka miaka minne tu baada ya kifo cha Chitepo. Taharuki ya riwaya hiyo haikuhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo hoja ya uigaji inapaswa kugeuzwa. Musiba aliazima umbo, naye akalijaza historia ya mahali pake. Jambo la kuchunguza ni lile ambalo umbo hilo lililifanyia historia hiyo.

4.0 Muundo wa Riwaya na Nafasi ya Kibaraka

Muundo wa riwaya hizi ni rahisi na hurudiwarudiwa. Kwanza hutokea pigo: siri zimeibwa, watu wameuawa au mali ya ukombozi imehujumiwa. Pili, Chifu wa idara ya upelelezi anamwita Willy Gamba, mara nyingi kupitia kwa katibu wake Maselina, na kumpa agizo. Tatu, msako unaanza, ambao huweza kuvuka mipaka: katika Kufa na Kupona unamfikisha Nairobi, katika Kikosi cha Kisasi unamfikisha Kinshasa, na katika Njama mapambano yanarudi Dar es Salaam penyewe. Mwisho, adui anafichuliwa na kuangamizwa.

Katika baadhi ya riwaya hizi masimulizi hutolewa na Willy Gamba mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Mbinu hii ina athari mbili. Inamsogeza msomaji karibu na hatari, kwa kuwa hajui zaidi ya anachokijua mpelelezi. Vilevile inamnyima msomaji nafasi ya kusimama kando na kumhoji mpelelezi. Tunaona kwa macho ya yule anayepiga risasi, nasi tunaona daima kwamba alikuwa na sababu.

Hata hivyo, adui wa kutoka nje si kiini cha taharuki. Kaburu anajulikana, na msomaji hana shaka naye tangu mwanzo. Hofu halisi inatokana na kibaraka, mwenzetu anayeketi mezani petu, mwenye cheo au biashara, ambaye ameuza siri kwa fedha. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo ingeweza kuwa kichwa cha pili cha riwaya nyingi za utanzu huu. Hapa ndipo Musiba anapofanya kazi nzito kuliko anavyosifiwa. Anaonesha kwamba vita vya ukombozi vilikuwa pia vita dhidi ya uchu wa mali uliokuwa ukichipua ndani ya nchi huru zenyewe. Kibaraka hasaliti kwa sababu ya itikadi. Anasaliti kwa sababu anataka kuishi kama wanavyoishi mabwana zake.

Mtobwa aliuendeleza mkondo huu katika miaka ya 1980. Katika Tutarudi na Roho Zetu? Joram Kiango anaingia katika mapambano na utawala wa makaburu. Joram anatofautiana na Willy Gamba kwa kuwa si mtumishi wa idara: ni mpelelezi wa kujitegemea, ambaye mara nyingine hutazamwa kwa shaka na dola yenyewe. Tofauti hiyo si ndogo, kwani inampa msomaji nafasi ya kufikiri kwamba haki na amri ya mkubwa si lazima ziwe kitu kimoja.

5.0 Kisasi na Sheria

Sasa tufike kwenye tatizo. Katika riwaya hizi ni nadra adui kufikishwa mahakamani. Mpelelezi anapokea agizo, anatafuta ushahidi kwa njia yoyote, anatoa hukumu na kuitekeleza. Msomaji hushusha pumzi, na kitabu hufungwa.

Utetezi wa jambo hili upo, na hauna budi kutajwa. Wakati riwaya hizi zilipoandikwa hapakuwa na mahakama ambayo ingemhukumu aliyemuua Mondlane au Chitepo. Waliotuma mabomu walikuwa na dola nyuma yao, na dola hizo zilikuwa na marafiki wakubwa. Kwa msomaji aliyeuawiwa viongozi na asione mtu akishtakiwa, kisasi cha kubuni kilikuwa haki pekee iliyopatikana. Kuilaumu riwaya kwa kutokuwa na mahakama wakati dunia haikuwa nayo ni kulikwepa swali.

Lakini tabia inayojengwa kitabuni haibaki kitabuni. Msomaji akizoea kwamba mtu wetu hakosei, na kwamba aliyeitwa adui hana haja ya kujitetea, mazoea hayo yanaweza kuhamishiwa kwa adui yeyote atakayetajwa kesho. Mfano mzuri hautoki Pretoria wala Kinshasa, bali Kariakoo.

6.0 Kariakoo: Msomaji na Mshukiwa

Kariakoo ni mtaa wenye jina la kikosi. Jina hilo lilitokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo, na ndimi za Waswahili zikaligeuza neno la Kiingereza kuwa la kwao. Jengo la soko kuu lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, yaani mwaka mmoja baada ya kutoka kwa Kufa na Kupona. Hatua chache kutoka hapo, katika Mtaa wa Lumumba, ndipo kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954. Katika eneo hili, kati ya Msimbazi, Uhuru na Kongo, walikaa na kufanya kazi watu wa aina ileile waliozipa riwaya hizi uhai: makarani, makuli, mafundi cherehani, wauza duka, wanafunzi na vijana waliofika kutoka mikoani kutafuta riziki. Kampeni za elimu ya watu wazima na elimu ya msingi kwa wote katika miaka ya 1970 zilikuwa zimeongeza sana idadi ya watu wawezao kusoma, nao walitaka kitu cha kusoma.

Mwezi Machi 1983 msomaji huyu alijikuta upande wa pili wa hadithi. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na sabuni, sukari na nguo vilikuwa adimu. Serikali ilianzisha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Msako ulianza kabla sheria haijapitishwa, na sheria iliyofuata mwaka huohuo iliunda baraza maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha mashauri hayo katika mkondo wa mahakama.

Msamiati wa tukio hilo unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi. Hujuma, msako, vibaraka, adui wa ndani: haya ndiyo maneno ya riwaya ya kijasusi. Hatudai kwamba riwaya ilisababisha msako, kwani chanzo chake kilikuwa dhiki ya uchumi na maamuzi ya kisiasa. Tunachodai ni kwamba riwaya na dola zilichota katika kisima kimoja cha maneno, na kwamba maneno hayo yaliposhuka Kariakoo hayakumtofautisha mlanguzi mkubwa na mwenye duka aliyeficha katoni mbili za sabuni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Msomaji aliyefurahi kumwona kibaraka wa Kinshasa akimalizwa bila kesi, sasa alitamani jirani yake apate wakili.

7.0 Baada ya Agosti 1998

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa karibu wakati mmoja katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi waliuawa zaidi ya watu 200, na Dar es Salaam waliuawa 11. Ubalozi wa Dar es Salaam ulikuwa Oysterbay, eneo lilelile alikouawa Mondlane miaka 29 kabla yake. Tangu siku hiyo neno ugaidi limeingia katika Kiswahili cha kila siku kwa maana mpya. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na Kenya ilipata sheria yake mwaka 2012. Mashambulio ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, pamoja na vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017, yameifanya mada hii isiepukike kwa mwandishi wa Afrika Mashariki.

Mwandishi huyo anakabiliwa na ugumu ambao Musiba hakuwa nao. Adui wa Willy Gamba alikuwa na anwani: alikuwa dola, yenye bendera, jeshi na sera ya ubaguzi iliyoandikwa katika sheria zake. Gaidi wa leo anaweza kuwa kijana wa mtaani, anayezungumza Kiswahili, aliyesoma shule moja na anayemsaka. Mmoja wa watu wanne waliotiwa hatiani New York mwaka 2001 kwa milipuko ile alikuwa Mtanzania. Ikiwa mwandishi atautumia muundo wa zamani bila kuubadilisha, yaani pigo, agizo, msako na maangamizi, nafasi ya kaburu itajazwa na mtu wa dini fulani, kabila fulani au mtaa fulani, na msomaji atafundishwa kumshuku jirani kwa mavazi na lafudhi yake. Riwaya ambayo zamani iliupindua msamiati wa mwenye nguvu itakuwa imegeuka kuwa kipaza sauti chake.

Inafaa kukumbuka pia jinsi kesi ya New York ilivyokwisha. Washtakiwa walikuwa na mawakili, mashahidi waliulizwa maswali, ushahidi ulipimwa hadharani, na wanne hao wakahukumiwa vifungo vya maisha. Mwisho wa namna hiyo hauna milio ya risasi, lakini una taharuki yake: shahidi atasema nini, hakika ni yupi, na je, aliyekamatwa ndiye? Utanzu wetu haujaitumia vya kutosha taharuki ya aina hii.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha mambo matatu. Kwanza, riwaya za kijasusi za Kiswahili si nakala tupu za maandishi ya kigeni. Ziliandikwa katika jiji lililokuwa uwanja wa vita vya siri, na zililijibu swali la nani gaidi kwa upande wa haki. Pili, umuhimu wake wa kimaudhui umo zaidi katika usawiri wa kibaraka kuliko katika ule wa kaburu. Tatu, muundo wake unampa mpelelezi mamlaka ya kuhukumu bila kuulizwa, na historia ya Kariakoo ya mwaka 1983 inatukumbusha kwamba mamlaka ya namna hiyo hayachagui anayeangukiwa nayo.

Kwa walimu wa fasihi, tunapendekeza riwaya hizi zifundishwe sambamba na historia ya ukombozi, na kwamba mwanafunzi aombwe kuuliza maswali mawili katika kila sura: nani amelitoa jina la adui, na aliyepewa jina hilo amepata nafasi gani ya kusema? Kwa idara na maktaba zetu, upo wajibu wa haraka zaidi. Matoleo ya kwanza yalichapishwa kwa karatasi hafifu, yakasomwa hadi yakachanika, na mengi yanapatikana leo kwa bahati tu, katika meza za wauza vitabu vikuukuu kando ya barabara za jiji. Yasipokusanywa sasa, wahakiki wajao watabishana juu ya utanzu ambao hawatakuwa na nakala zake mkononi.